Wasomaji Wanauliza: Kulala Safarini

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wa safari: wa basi, wa lori, wa ndege, hata wa mlimani. Tumechagua saba. Majina ya waandishi tumeyaweka kando kama kawaida yetu.

Ndugu Mhariri, kila mwezi napanda basi la usiku Dar–Mwanza kufuata dagaa. Sipati hata lepe la usingizi. Nikifika shingo imekakamaa, na miguu imevimba hadi viatu vinabana. Nimenunua mto wa shingo, naona nimetupa pesa. Nifanyeje? – Msomaji, Mbagala

Ndugu yetu, nusu ya usingizi wa basi hupatikana siku unayokata tiketi. Chukua siti iliyo kati ya tairi za mbele na za nyuma. Kwa mabasi mengi ni safu ya nne hadi ya saba. Aliyekaa juu ya tairi za nyuma, au nyuma yake zaidi, hurushwa kwenye kila tuta kama aliyekalia ncha ya ubao wa pembea. Isitoshe, mabasi mengi ya Kichina injini yake iko nyuma, kwa hiyo mngurumo na joto viko huko huko, na siti ya mwisho kabisa mara nyingi hailali kwa sababu imegota ukutani. Safu ya kwanza nayo ina taa za mbele, konda, na kila abiria anayeshuka njiani.

Upande nao una maana. Kwetu gari hupita kushoto, hivyo dirisha la kulia ndilo linalomulikwa usiku kucha na magari yanayokuja. Kaa kushoto, dirishani: utapata pa kuegemea, na jirani akienda kujisaidia hakuruki. Ukishapanda, kabla gari halijaondoka, fanya mambo mawili. Vuta kile kishikio cha kulaza siti uone kama kinafanya kazi, kisha tazama juu. Spika ikiwa juu ya kichwa chako, omba kuhama mapema. Saa 6 usiku hakuna atakayekubali kubadilishana.

Sasa huo mto. Wengi huuvaa uwazi ukiwa mbele, unene ukiwa kisogoni. Lakini kwenye siti isiyolala sana kichwa hakiangukii nyuma, kinaangukia mbele na kando. Usingizi ukizama, misuli ya shingo inalegea, kidevu kinadondoka kifuani, unashtuka. Mchezo huo ukirudiwa mara 40 hadi Singida, shingo lazima ikakamae. Ugeuze mto: uwazi kisogoni, unene chini ya kidevu. Ukiona umelegea na hauzuii kitu, kunja khanga mbili kwa urefu, zizungushe shingoni kama skafu nene na ufunge kwa kando. Usiegemeze kichwa moja kwa moja kwenye kioo, mtetemo wake hupenya hadi menoni. Weka sweta katikati.

Miguu inavimba kwa sababu mashavu ya miguu ndiyo yanayosukuma damu kurudi juu, na ukikaa bila kuyachezesha, maji yanatuama chini. Usijaze mizigo chini ya siti ya mbele ukakosa pa kunyooshea. Kila ukizinduka, inua visigino na vidole kwa zamu mara 20, na kila kituo shuka utembee hata kama hujisikii kujisaidia. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba safari ya kukaa zaidi ya saa 4 huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda miguuni, ingawa kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Mguu mmoja pekee ukivimba, ukawa na joto na maumivu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Beba soksi na shuka, kwa sababu kiyoyozi cha basi hakijui huruma. Mkanda wa siti ufunge chini, kwenye nyonga, juu ya shuka, ili mhudumu auone bila kukuamsha. Na juisi au pipi ya jirani usiyemjua, ishukuru kisha uikatae. Mtu aliyewekewa dawa hulala kweli, lakini huamka hana simu wala mauzo.

Naenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka kununua mzigo. Siku tatu za kwanza ni mateso: usiku macho yanabaki wazi hadi saa 9, halafu saa 4 asubuhi masoko yakifunguliwa mimi nasinzia juu ya kikokotoo. Safari iliyopita nilikosea hesabu ya katoni kwa ajili hiyo. Kuna dawa? – Mama wa Kariakoo

Dada, mwili wako umefika China, saa yake imebaki Kariakoo. Guangzhou wako mbele yetu kwa saa 5. Ukijitupa kitandani saa 4 usiku ya kule, ubongo unahesabu saa 11 jioni, wakati wa kufunga mahesabu ya duka, na saa hiyo hakuna anayelala. Saa 9 usiku ya kule ndiyo saa 4 usiku yako ya nyumbani. Ndiyo maana macho yanafumba hapo na si kabla.

Saa hiyo ya ndani hujirekebisha kwa takribani saa 1 kwa siku. Kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi, kwa kuwa saa ya mwili ya watu wengi ina urefu unaozidi kidogo saa 24. Kuchelewa kulala ni rahisi kwake, kuwahi ni kazi. Kinachoisukuma zaidi ya kitu chochote ni mwanga, na hapa ndipo wengi huharibu kwa nia njema.

Mwanga una nguvu mbili zinazopingana. Ukikupiga kabla ya mpaka fulani wa usiku wa mwili wako unairudisha saa nyuma, ukikupiga baada yake unaisogeza mbele. Mpaka wenyewe ni ile saa ambayo joto la mwili liko chini kabisa, kama saa 2 au 3 kabla ya wakati wako wa kawaida wa kuamka. Tuseme Dar unaamka saa 12 asubuhi. Mpaka wako ni saa 9 au 10 usiku, ambayo Guangzhou ni saa 2 au 3 asubuhi. Kwa hiyo yule anayesema “nitatoka saa 1 asubuhi nipigwe jua nichangamke” siku ya kwanza anaisukuma saa yake kinyume, kana kwamba anaelekea Kinshasa. Ndiyo sababu wengine wanazidi kuharibikiwa siku ya pili.

Fanya hivi. Siku ya kwanza, hadi saa 3 asubuhi baki ndani, pazia limefungwa, au vaa miwani myeusi kama lazima utoke. Kuanzia saa 3 na nusu hadi saa 6 mchana kaa nje au kwenye mwanga mkali kadiri uwezavyo. Tembea kwa miguu badala ya kuzama kwenye treni ya chini ya ardhi. Siku ya pili anza mwanga saa 2 na nusu, ya tatu saa 1 na nusu. Kuanzia siku ya nne jua la asubuhi yoyote ni rafiki yako. Jioni, kuanzia saa 2 usiku, punguza taa za chumba, na simu iweke mbali. Tunajua huo ndio wakati wateja wa Dar wanapiga, maana huku ni alasiri. Waambie mapema.

Ukiwa na siku tatu kabla ya safari, anza hapa hapa: lala na uamke dakika 45 hadi saa 1 mapema zaidi kila siku, na ukishaamka washa taa zote au toka nje. Ukifika umeshavuka nusu ya njia.

Dawa umeuliza. Ipo melatonini, homoni ambayo ubongo hutoa giza linapoingia, na vidonge vyake husaidia safari za mashariki. Kipimo ni kidogo: miligramu 0.5 hadi 3, kimezwe wakati wa kulala kwa saa ya kule, usiku 3 au 4 za kwanza. Watu humeza 10 wakidhani zikizidi ndiyo vizuri, kisha asubuhi wanatembea kama wamefunikwa blanketi. Mjamzito, mwenye kifafa, au anayetumia warfarini ya kuyeyusha damu asiiguse bila daktari. Kwenye ndege usimeze vidonge vya usingizi vya diazepamu: utalala saa 8 bila kujigeuza, na hilo la damu kuganda tumelisema juu.

Kahawa inywe, ila ya mwisho iwe kabla ya saa 8 mchana, kwani saa 5 hadi 6 baadaye nusu yake bado inazunguka mwilini. Na hesabu za katoni siku mbili za kwanza zifanye kati ya saa 8 mchana na saa 1 usiku ya kule, wakati kichwa chako cha Dar kimeshaamka vizuri. Malipo makubwa yaache hadi siku ya tatu.

Ukirudi, shida inageuka: saa 11 jioni unasinzia, saa 7 usiku uko macho. Kaa juani jioni, kula saa 2 usiku, jilazimishe usilale kabla ya saa 3. Siku tatu au nne inaisha.

Nina mtoto wa miezi 16, tunasafiri usiku Nairobi–Mombasa. Rafiki yangu ameniambia nimpe Piriton kidogo alale njia nzima. Ni sawa? – Mama wa mara ya kwanza, Umoja

Hapana. Dawa za mzio zinazolevya, kama hiyo Piriton, si dawa za usingizi wa watoto. Baadhi ya watoto zinawachangamsha badala ya kuwalaza, na kwa wadogo zinaweza kupunguza upumuaji. Promethazini, ambayo wengine hutoa kwa ajili ya kuzuia kutapika, haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2.

Mpe usiku wake wa kila siku: muogeshe kabla ya kwenda steji, mvishe nguo zake za kulalia, mnyonyeshe gari likianza kutembea, mfunike na leso ile ile anayolalia nyumbani bila kuifua kwanza. Harufu yake inafanya kazi kuliko tunavyodhani.

Kazi yangu ni ya mradi wa visima, nalala gesti tofauti karibu kila wiki. Kunguni, mbu, baa ya jirani, jenereta. Na hata gesti ikiwa safi, usiku wa kwanza silali vizuri. Nina kasoro? – Msomaji, Singida

Huna. Usiku wa kwanza mahali pageni ubongo haulali wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipima mwaka 2016 wakaona upande mmoja wa ubongo ukibaki katika usingizi mwepesi na kushtuka kwa sauti ngeni, kama mlinzi. Walipolala hapo mara ya pili tofauti ilitoweka. Kama unazunguka kwenye miji ile ile, rudi gesti ile ile, ikiwezekana chumba kile kile. Mto wako wa nyumbani, hata foronya tu, unapunguza ugeni.

Kabla ya kulipa, omba kuona chumba na uombe dakika 5. Inua godoro kwenye pembe, upande wa kichwani. Kunguni mzima ni kama mbegu ya tufaha, rangi ya kutu, bapa. Lakini mara nyingi utaona alama zake tu: vitone vyeusi kama vya kalamu kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Mulika na nyuma ya ubao wa kichwani. Ukiona, usihamie chumba cha jirani, hamia gesti nyingine, kwa sababu wanapita ukutani. Begi liweke juu ya meza, si sakafuni wala kitandani. Ukihisi umebeba wageni, nguo zote zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Kuanika juani pekee hakutoshi. Kunguni hawaambukizi malaria wala UKIMWI, ila kuwafukuza nyumbani ni vita vya miezi.

Chandarua: kile cha duara kinachoning'inia kwa kamba moja hubana kuelekea chini, goti au kiwiko kikakigusa, na mbu akakuuma kupitia matundu. Cha pembe nne ni bora. Kwa cha duara, tandaza pande zake, zivute nje, uzichomeke chini ya godoro pande zote kabla giza halijaingia, kisha uingie kwa upande mmoja. Katika begi weka sindano na uzi, mita 4 za kamba na misumari miwili. Matundu ya gesti huyazibi kwa dua. Feni ielekeze kitandani, usiiache izunguke: haipozi hewa, inakausha jasho, na chandarua chenyewe kinapunguza upepo. Sehemu za joto kama Dodoma mwezi Novemba, lowesha kitambaa, kikamue vizuri, jifunike kifuani feni ikipuliza.

Chumba chagua cha nyuma, mbali na mapokezi, jenereta na tanki la maji, maana pampu huwashwa saa 11 alfajiri. Uliza jioni, si mchana, kama jirani kuna baa. Mchana baa zote ni kimya. Kisha vizibo vya masikio vya sponji. Bei yake ni ndogo, na wengi huvilaumu kwa kuwa hawajui kuvivaa. Kisokote kwa vidole hadi kiwe chembamba kama kijiti, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, ukishikilie kwa sekunde 30 hadi kivimbe. Kikibaki nje nusu nzima hakijaingia. Havitaua besi ya baa, ila feni ikiunguruma pamoja navyo, kinachobaki ni kidogo.

Na kwa wanaopita Makambako na Njombe mwezi Juni na Julai: jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba, hata likionekana limekuwa majivu. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu wala haikohozeshi. Omba blanketi la tatu, na chupa ya maji ya moto miguuni.

Mimi ni dereva wa lori Mombasa–Malaba. Usingizi ukinishika nafungua dirisha, naongeza redio, natafuna miraa. Kuna njia nzuri zaidi? – Dereva, Mariakani

Bwana dereva, dirisha na redio vinakupa dakika chache tu. Miraa inaficha hisia ya usingizi bila kulipa deni lake, na ikishuka usingizi unakuja wote kwa pamoja. Kinachoua ni mang'amung'amu ya sekunde chache, macho yakiwa wazi: kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, sekunde 4 ni karibu mita 90 za lori lisilo na dereva. Utafiti wa Australia uliochapishwa 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka kama wa aliyekunywa pombe hadi asilimia 0.05 kwenye damu.

Kinachofanya kazi ni kusimama mahali pa usalama, Mtito Andei au penye taa na malori wenzako, si ukingoni mwa barabara. Kunywa kikombe kimoja cha kahawa nzito haraka, kisha lala hapo hapo, kengele ikiwa dakika 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kushika, kwa hiyo unaamka usingizi na kahawa vikipishana mlangoni. Usizidishe hadi dakika 45, utaamka kutoka usingizi mzito ukiwa mlevi zaidi ya mwanzo. Ukiamka, tembea dakika 10 kabla ya kushika usukani. Hiyo inakununulia saa 1 au 2, haibadilishi usiku.

Saa mbaya zaidi ni 8 usiku hadi 12 alfajiri, na tena saa 8 hadi 10 mchana. Kama ratiba ni yako, lala hapo. Ukilala kwenye kabini mchana, ziba kioo cha mbele kwa boksi, acha madirisha wazi vidole viwili pande zote, na injini izime.

Nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Usiku wa Kibo nilikuwa nashtuka kama mtu anayezama. Nataka kurudi, ila naogopa. – Mwanafunzi, Moshi

Kibo Hut iko karibu mita 4,720, ambako kila pumzi ina oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Unapumua kwa nguvu, hewa chafu inatoka nyingi kupita kiasi, ubongo unakosa ishara ya kuvuta pumzi, unasimama sekunde kadhaa, kisha unashtuka ukihema. Hilo huwapata wengi na peke yake si ugonjwa.

Kinachosaidia ni siku ya ziada kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720: panda mchana hadi juu kidogo, ushuke kulala. Dawa iitwayo acetazolamidi, miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, hupunguza kushtuka huko. Vidole vitawasha na utakojoa sana, na mwenye mzio wa dawa za salfa aseme kwa daktari. Vidonge vya usingizi na pombe hapana, vinapunguza upumuaji ambao tayari ni haba. Inua kichwa na mabega kwa begi la nguo. Kula saa 11 jioni, ingia kwenye mfuko wa kulalia saa 12, na kama hulali, jilaze tu: kupanda kunaanza karibu saa 6 usiku na hakuna anayelala zaidi ya saa 4 pale. Anayehema akiwa amekaa, anayepepesuka, au anayekohoa mapovu, anateremshwa usiku huo huo, hangojwi asubuhi.

Assalaam alaykum. Nina miaka 62, mwanangu amenikatia umra ya kumi la mwisho la Ramadhani. Nitalala saa ngapi na ibada ni za usiku? – Mama, Malindi

Wa alaykum salaam, mama yetu. La kheri ni kwamba saa za Makka na zetu ni zile zile, mwili hauna cha kurekebisha isipokuwa kugeuza usiku kuwa mchana. Gawa usingizi mara mbili. Fungu kubwa ni baada ya alfajiri: rudi chumbani kabla jua halijawa kali, kwa kuwa mwanga wake ukikupiga machoni usingizi unaruka, funga pazia, lala hadi saa 4 au 5 asubuhi. La pili ni kailula baada ya adhuhuri, dakika 20 hadi 30, basi.

Futari anza kwa tende, maji na supu. Vya kukaanga acha baadaye, na ukivila usijilaze kwa saa 2. Kahawa ya Kiarabu inywe baada ya magharibi, si kwenye daku. Mwambie mwanao aombe chumba mbali na lifti, kwani usiku wa Ramadhani hazipumziki. Na kama unameza dawa ya presha ya kukojoza, muulize daktari wako kabla hujaondoka Malindi saa ya kuimeza. Ikimezwa karibu na kulala, choo ndicho kitakachokuamsha.